Jinsi ya Kumpima Konabeki wa Chuo Kabla ya Drafti ya NFL

Katika futiboli ya Marekani, hakuna nafasi inayompoteza mtazamaji kama ya konabeki, mlinzi wa pembeni anayewakaba wapokeaji wa pasi. Mmoja anaweza kucheza mechi nzima jina lake lisitajwe, ukadhani hakufanya lolote, kumbe kwotabeki, mrushaji wa pasi, hakuthubutu kurusha upande wake. Mwingine ananasa pasi mbili na kutangazwa nyota wa mechi, ilhali zote mbili zilikuwa mipira iliyogonga mikono ya mtu mwingine ikamwangukia yeye. Kwa hiyo tathmini ya nafasi hii haianzii kwenye mpira. Inaanzia miguuni, inapanda nyongani, inafika machoni, na mpira unakuja mwisho.

Jua kwanza ni nini kinachofichwa na mchezo wa chuo

Sheria za vyuo na za NFL, ligi ya kulipwa, hazifanani, na tofauti chache zinamgusa konabeki moja kwa moja. Kubwa zaidi ni ya kumgusa mpokeaji. NFL humruhusu mlinzi kumzuia mpokeaji ndani ya yadi 5 za kwanza kutoka mstari wa kuanzia. Akiendelea kumshika au kumsukuma baada ya hapo, wakati kwotabeki bado ana mpira ndani ya poketi (eneo analolindwa na wenzake), timu yake inaadhibiwa yadi 5 na wapinzani wanapata majaribio mapya manne. Chuoni mpaka huo wa yadi 5 haupo: mlinzi anaweza kuendelea kumzuia mpokeaji aliye mbele yake mpaka mpira urushwe. Konabeki anayemtawala mpokeaji kwa mikono kwenye yadi ya 8 na ya 10 anaonekana mkali sana Jumamosi ya chuo, lakini Jumapili ya NFL mwamuzi atamrushia kitambaa cha njano cha kosa kwa tendo lilelile. Hesabu kila mkono unaogusa mpokeaji baada ya yadi 5, hata kama hakuna mwamuzi aliyesema kitu. Hiyo ndiyo orodha ya adhabu zake za baadaye.

Ya pili ni gharama ya kumwingilia mpokeaji mpira ukiwa hewani. Chuoni adhabu haizidi yadi 15. Katika NFL mpira unawekwa pale kosa lilipotokea. Kijana anayemvuta jezi mpokeaji anayemponyoka, yadi 45 kutoka mstari wa kuanzia, chuoni amefanya biashara nzuri: amelipa 15 badala ya kufungwa. Katika NFL analipa zote 45.

Tofauti ya tatu watazamaji wengi huipita bila kuiona, nayo ni mistari mifupi ya katikati ya uwanja ambako mpira huwekwa kabla ya kila snapu, yaani kila mchezo unapoanzishwa. Uwanja wote una upana wa yadi 53 na theluthi. Chuoni mistari hiyo imeachana futi 40, katika NFL futi 18 na inchi 6 tu. Mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto chuoni, upande wa kushoto unabaki na yadi 20 na wa kulia unabaki na yadi 33 na zaidi. Timu nyingi za vyuo basi zina konabeki wa upande mfinyu na konabeki wa upande mpana, na kazi zao ni tofauti kabisa. Wa upande mfinyu anasaidiwa na mstari wa pembeni, kwani mpokeaji hana pa kukimbilia. Lakini pasi zinamfikia haraka, na mbio za mpira wa ardhini zinamjia usoni. Wa upande mpana anapata muda, kwa kuwa pasi inasafiri mbali, lakini yuko peke yake katika eneo kubwa. Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu mchezaji, jua alikuwa upande gani. Anayecheza upande mfinyu tu hajathibitisha kwamba anaweza kukimbia na mtu katika nafasi ya wazi.

Video: mechi zipi, na utazame vipi

Chukua mechi tano za msimu wa mwisho na moja ya msimu uliotangulia. Mbili kati ya hizo ziwe dhidi ya wapokeaji ambao nao wanatajwa kwenye drafti (zoezi la timu za NFL kuchagua wachezaji wa vyuo), moja iwe ile aliyoumbuliwa, na moja iwe ya mwishoni mwa msimu mwili ukiwa umechoka. Mkusanyiko wa matukio bora uache kabisa. Umepangwa na mtu anayetaka umpende mchezaji.

Video inayofaa ni ile ya makocha, inayopigwa kutoka juu na kuonyesha wachezaji wote 22 tangu snapu mpaka mwisho. Picha ya televisheni humfuata kwotabeki, na konabeki hutoka kwenye fremu baada ya sekunde moja au mbili. Kama unayo ya televisheni pekee, andika ulichokiona tu: mahali aliposimama, hatua zake za mwanzo, na marudio ya polepole yakionyeshwa. Pengo liache wazi. Kulijaza kwa kubahatisha ndiko kunakozalisha ripoti za uongo.

Kila snapu itazame mara tatu. Ya kwanza, tazama miguu kuanzia kabla ya snapu mpaka mpokeaji afike yadi 5. Ya pili, tazama nyonga wakati mpokeaji anapokata kona. Ya tatu, tazama macho na mikono mpira unapofika. Katika daftari andika aina ya ulinzi, umbali kati yake na mpokeaji wakati wa kukata kona, umbali mpira ulipofika, na sababu ya tofauti kati ya namba hizo mbili. Umbali chini ya yadi 1 ni kushikamana. Yadi 3 au zaidi ni kuachwa, hata kama kwotabeki hakumwona mpokeaji. Hapa usimsamehe mchezaji kwa sababu pasi haikuja. Kwotabeki wa NFL ataiona.

Kubana mstarini

Hapa konabeki anasimama uso kwa uso na mpokeaji tangu mwanzo. Simamisha video sekunde moja kabla ya snapu. Miguu inatakiwa iwe na upana wa mabega, magoti yamekunjwa, uzito uko sehemu ya mbele ya nyayo, mikono imelegea mbele ya kifua. Sasa isogeze fremu kwa fremu. Mpokeaji anatingisha mabega kushoto, anachapa mguu, anaondoka kulia. Konabeki aliyefundishwa vizuri hupiga hatua fupi za pembeni, kifua chake kinabaki mbele ya kifua cha mpokeaji, na hafungui nyonga mpaka mpokeaji awe amechagua upande kwa kweli. Anapofungua, hufungua kiasi, kama digrii 45, kisha anatupa mkono wa upande wa pili: mpokeaji akitokea kushoto kwa konabeki, nyonga ya kushoto inafunguka na mkono wa kulia ndio unaogonga kifua. Akitumia mkono wa kushoto katika hali hiyo, bega linafunga njia ya nyonga yake mwenyewe na anachelewa kugeuka.

Makosa ya hapa ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kurusha mikono yote miwili kwa pamoja huku kichwa kikishuka. Uzito unakwenda mbele, mpokeaji anapangua mikono kwa pigo moja na konabeki anabaki akitazama mgongo. La pili ni kufungua nyonga mapema, digrii 90 au zaidi, kwa sababu anaogopa mbio. Huyo anazuia njia ya kwenda mbali lakini ameuza sehemu yote ya ndani, na pasi fupi ya kukatiza kuelekea katikati itamla siku nzima. La tatu ni kuruka juu badala ya kusogea pembeni, yaani miguu yote miwili inaachana na ardhi mpokeaji anapotingisha. Makosa ya mikono hurekebishika mazoezini. Uoga wa kufungua mapema mara nyingi ni dalili kwamba mchezaji mwenyewe anajua kasi yake ina mpaka.

Kurudi nyuma, kusimama, kushambulia

Hapa ndipo utakapopata jibu la swali gumu kuliko yote: mwili huu unaweza kubadilisha mwelekeo? Tafuta snapu alizosimama yadi 7 au 8 nyuma ya mstari. Anaporudi kinyumenyume, mabega yabaki mbele ya magoti na miguu isiinuke juu sana. Mpokeaji akisimama ghafla au kukata kuelekea nje, hesabu hatua ambazo konabeki anahitaji kabla ya kuanza kwenda mbele. Aliye bora anachomeka mguu mmoja na kuondoka. Wa kawaida anachukua hatua mbili. Aliye mgumu wa nyonga anachukua tatu ndogondogo za kujipunguza mwendo, kisha anainuka wima, na kufikia hapo mpira tayari umeshikwa.

Usiishie kwenye njia za kukata upande ambao nyonga yake tayari imeelekea. Zinazoonyesha ukweli ni zile ambazo amegeukia ndani halafu mpokeaji akakata nje. Lazima azunguke, na kwa sehemu ya sekunde atampa mpokeaji mgongo. Pima pengo kabla ya mzunguko na baada yake. Likiongezeka kwa yadi 1, sawa. Likiongezeka kwa 3 katika mechi tatu tofauti, huyu si konabeki wa mtu kwa mtu katika NFL, na hakuna kocha atakayembadilishia mifupa ya nyonga.

Mpira wa mbali

Makocha hugawa hali mbili. Konabeki akiwa amebanana na mpokeaji kiasi cha kumgusa kwa mkono, anatakiwa ageuze kichwa na kuutafuta mpira, huku akimwegemea ili aujue mwendo wake bila kumtazama. Akiwa ameachwa nyuma, asigeuke, kwa kuwa kugeuka kunampunguza kasi; akimbie, atazame mikono ya mpokeaji, na mikono hiyo ikiinuka apenyeze mkono wake katikati. Wengi wanaochanganya hali hizi mbili ndio wanaojaza adhabu. Anayegeuka akiwa ameachwa hufungwa. Asiyegeuka akiwa amebanana humgonga mpokeaji kabla ya mpira, na mwamuzi haoni jitihada yoyote ya kuucheza mpira.

Angalia pia anachofanya na mstari wa pembeni. Konabeki mwenye akili humsogeza mpokeaji polepole kuelekea nje kwa bega, bila mikono, mpaka nafasi ya kudaka ibaki nyembamba kabisa. Katika NFL faida hiyo ni kubwa zaidi, maana mpokeaji lazima aguse ndani kwa miguu yote miwili. Chuoni mmoja unatosha.

Ulinzi wa eneo na mbio za ardhini

Katika ulinzi wa eneo, ambapo mlinzi analinda sehemu ya uwanja badala ya mtu mmoja, tazama kichwa. Anamwona kwotabeki na mpokeaji kwa pamoja, au amekodolea macho mmoja tu? Mpokeaji wa kwanza akitoka kwenye eneo lake, anamwachia mwenzake na kumtafuta wa pili, au anamfuata mpaka anaacha shimo? Zingatia pia kwamba michezo ya chuo inayochanganya mbio na pasi inawaruhusu walinzi wa kwotabeki kuvuka mstari wa kuanzia kwa yadi 3 kabla ya pasi, wakati NFL inaruhusu yadi 1 tu. Konabeki wa chuo anayedanganyika na mbio za namna hiyo anastahili huruma zaidi kidogo kuliko anayedanganyika na njia ya kawaida ya mpokeaji.

Kuangusha wachukua mpira hakuhitaji maelezo marefu: anataka au hataki. Ila andika sababu ya kila aliyemkosa. Kukosa kwa sababu ya pembe mbaya ya mbio kunafundishika. Kukosa kwa sababu amefumba macho na kutupa bega hakufundishiki kirahisi, na timu inayocheza ulinzi wa eneo itamkwepa mapema.

Takwimu, na jinsi zinavyopotosha

Pasi zilizonaswa ndizo takwimu mbaya kuliko zote za kuanzia, kwa sababu hupanda na kushuka kufuatana na mahali kwotabeki anapoamua kurusha. Nnamdi Asomugha alinasa 8 mwaka 2006 akiwa Oakland, na mwaka uliofuata 1 tu. Makwotabeki walikuwa wameacha kumrushia. Gawa pasi alizonasa mchezaji wako katika mafungu matatu: alizosoma na kukatiza mwenyewe, alizoshinda kwa kugombea hewani, na zilizomwangukia. Fungu la kwanza ndilo linalosafiri naye kwenda NFL.

Takwimu yenye maana zaidi ni idadi ya pasi alizorushiwa ukilinganisha na snapu alizokaba. Isome pamoja na yadi alizoruhusu na mara alizofungwa. Ahmad "Sauce" Gardner hakuruhusu hata mguso mmoja wa kufunga katika maisha yake yote ya chuo pale Cincinnati, na timu ya Jets ilimchukua wa 4 kwenye drafti ya mwaka 2022. Hata hivyo hakuna namba itakayokueleza kama mwenzake wa upande wa pili alikuwa dhaifu kiasi kwamba pasi zote zilikwenda huko.

Vipimo vya Indianapolis

Combine, yaani vipimo vya pamoja vya wachezaji wanaoelekea drafti, hufanyika Indianapolis mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi. Mbio za yadi 40 ndizo zinazozungumzwa, na kwa konabeki chini ya sekunde 4.40 ni kasi ya juu, 4.45 hadi 4.50 inatosha, na zaidi ya 4.60 inahitaji maelezo. Muda wa yadi 10 za kwanza una faida zaidi kwa anayecheza karibu na mstari, kwa kuwa unapima mlipuko. Mbio za kwenda na kurudi za yadi 20 pamoja na zile za kuzunguka koni tatu zinagusa hasa nyonga na kusimama. Ukiona mchezaji amezikwepa Indianapolis na pia chuoni kwake, rudi kwenye video za kukata kona. Muda unaochukuliwa kwenye siku ya majaribio ya chuo hupimwa kwa saa za mkononi na kwa kawaida huwa mwepesi kidogo, hivyo usiulinganishe moja kwa moja na wa Combine.

Urefu wa mkono una thamani kubwa kwa anayebana mstarini. Inchi 32, yaani sentimita 81, ni mkono mrefu. Chini ya inchi 30 ni mfupi. Lakini usiufanye kuwa lango la kufunga. Trent McDuffie alipimwa mkono chini ya inchi 30, akachukuliwa wa 21 mwaka 2022 na Kansas City, na msimu wa 2023 akawa katika kikosi cha kwanza cha All-Pro, yaani wachezaji bora wa ligi msimu huo. Kilichomsaidia ni miguu, kuangusha watu, na kocha aliyemtumia sana ndani, mkabala na mpokeaji wa sloti, yule anayesimama upande wa ndani. Nafasi hiyo si ya akiba tena: zaidi ya nusu ya snapu za NFL sasa huchezwa na walinzi wa nyuma watano au zaidi.

Kwa upande mwingine, Seattle walimpata Richard Sherman raundi ya 5 mwaka 2011, na Tariq Woolen raundi hiyohiyo mwaka 2022. Wote walikuwa warefu, wote walianza chuoni wakiwa wapokeaji, na wote walikuwa na mbinu ambazo hazijaiva. Woolen alikimbia 4.26 akiwa na urefu wa futi 6 na inchi 4, na katika msimu wake wa kwanza alinasa pasi 6, sawa na walioongoza ligi. Aliyehama nafasi muda si mrefu usimhukumu kwa mbinu pekee. Linganisha mechi zake za mwanzo na za mwisho uone anajifunza kwa kasi gani.

Uzito ndio kipimo ambacho mashabiki hukipuuza. Emmanuel Forbes aliweka rekodi ya vyuo vya daraja la juu kwa kurudisha pasi 6 alizonasa mpaka kufunga, lakini Indianapolis alipimwa pauni 166, takriban kilo 75. Washington walimchukua wa 16 mwaka 2023 na kumwachia kabla msimu wake wa pili haujaisha. Mwili mwepesi unasukumwa na wapokeaji wakubwa na unashindwa kujinasua kwenye vizuizi, na kuongeza kilo 7 kunaweza kula kasi ileile iliyompandisha chati. Kasi peke yake nayo haitoshi. Justin Gilbert alikimbia 4.37, akachukuliwa wa 8 mwaka 2014, na Cleveland wakamuuza baada ya misimu miwili.

Kuhusu majeraha, ripoti za madaktari wa timu hazifiki kwa mtu wa nje. Unachoweza kufanya ni kuandika mechi alizokosa na kutazama video ya kabla na baada. Derek Stingley Jr. alicheza mechi 3 tu mwaka 2021 kwa sababu ya mguu, lakini video yake ya 2019 akiwa LSU ilikuwa ya kiwango cha juu kabisa. Houston walimchukua wa 3, na mwaka 2024 akawa All-Pro wa kikosi cha kwanza.

Senior Bowl ya Mobile, Alabama, yaani wiki ya mazoezi na mechi ya wachezaji wanaoelekea drafti, nayo itazame kwa tahadhari. Zoezi la mmoja kwa mmoja linampendelea mpokeaji: hakuna anayemkimbiza kwotabeki na uwanja wote uko wazi. Konabeki akishindwa mara nne kati ya saba huko bado anaweza kuwa na wiki nzuri, mradi miguu yake ilikuwa sahihi na siku ya pili alirekebisha kosa la siku ya kwanza.

Kuandika daraja

Ripoti isiyotaja kazi haina faida. Usiandike "konabeki mzuri, raundi ya 2". Andika atakachofanya: "Nje, ulinzi wa eneo wenye kina, asimame yadi 7, anasoma vizuri, asipewe mtu kwa mtu dhidi ya wapokeaji wepesi; msaidizi mwaka wa kwanza, wa kuanza mwaka wa pili." Raundi ya kwanza mpe anayeweza kubana, kurudi nyuma na kugeuka bila kufichwa na mfumo wowote. Mwenye ujuzi mmoja wa juu na mapungufu yanayofundishika ni wa raundi ya 2 au ya 3. Anayeishi kwa mikono baada ya yadi 5 mshushe raundi nzima, hata kama chuoni hakuadhibiwa. Angalia pia umri: mchezaji wa miaka 24 anayewashinda wapokeaji wa miaka 19 hajathibitisha sawa na wa miaka 21 anayefanya hivyohivyo.

Daraja liandike kabla ya Combine na ulifunge. Vipimo vikitoka na vikatofautiana na ulichoona, usibadilishe namba papo hapo. Chagua snapu 20 zinazohusiana na kipimo hicho, zitazame upya, na ubadilishe tu kama video yenyewe inakubali.